Mchuzi wa Medina, Usio na Chumvi

Siku nilipoambiwa figo zangu zimechoka, nilikuwa na swali moja tu, na wala halikuwa la figo. Nilitaka kujua nani atanipikia.

Nawaandikia ninyi mnaokaa kwenye yale mabenchi mkisubiri mashine, na chupa ya maji mkononi ambayo hamruhusiwi kuimaliza. Mambo ya dawa mtaelezwa na wanaojua. Mimi nitawaambia lile ambalo mimi sikuambiwa na mtu, kwamba ugonjwa huu unaweza kukutia wivu mpaka ukajiogopa. Nimeshapita pale pabaya, alhamdulillahi, kwa hiyo naweza kusema.

Jina langu Fadumo. Ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi hapa Garissa. Kazi yangu kubwa ni kusahihisha. Mtoto akisema "bensili" namwambia si bensili, ni pensili, na keshokutwa anarudi na "bensili" yake nami narudia. Sijawahi kuchoka. Nikisikia neno limekosewa, ulimi unanikimbia wenyewe. Likumbukeni hilo, kwa maana ndilo litakalonifedhehesha huko mbele.

Ilianza jilaal, kile kiangazi chetu cha mwanzo wa mwaka. Miguu ilivimba nikasema ni joto. Viatu vya shule vikanikataa, nikaenda darasani na sandali za bafuni, watoto wakacheka mpaka basi. Asubuhi uso umevimba kama wa mtu aliyelia, na mimi sijalia. Kisha chakula kikaanza kunipa harufu ya chuma mdomoni. Kufika hospitali, wakanilaza siku hiyo hiyo, wakanitia mpira shingoni, na mvua za gu, masika yetu, zilipoanza kunyesha mimi nilikuwa mtu wa mashine, kila Jumatatu na kila Alhamisi, saa nne nzima nikitazama damu yangu ikitoka na kurudi.

Sasa nyumbani. Ikra, binti yetu wa pekee, yuko shule ya bweni. Mume wangu, Baba Ikra, huendesha lori la maji Dadaab, na huko huko Dadaab, miaka mitatu kabla ya haya, alioa mke wa pili. Anaitwa Medina. Ni Mhabeshi aliyekulia Moyale, akafungua hoteli ndogo mjini Dadaab akiuza injera, ule mkate wao mwembamba, na mchuzi wa nyama ya ng'ombe. Mume wangu alianza kwa kwenda kula chakula cha mchana. Mengine mnaweza kujaza wenyewe.

Miaka mitatu sikutaka kumwona kwa macho. Jirani yangu aliwahi kuniuliza, "Mwenzako hajambo?" nikamjibu mimi sina mwenza, nina mume msafiri. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Ayeyo, bibi, naye hakumtaka. Ayeyo anaishi Hulugho na ng'ombe wake, na tangu siku ya ndoa hakulitaja jina la Medina hata mara moja. Alimwita Usubta, yaani yule mpya. Nami nililipenda jina hilo, kwa sababu kitu kipya kinaweza kurudishwa dukani.

Basi wiki ya pili ya mashine, Baba Ikra akaja na Medina na begi lake. Akasimama mlangoni anajikuna shingo. "Mama Ikra, huwezi kusimama jikoni. Mimi niko barabarani. Huyu anajua kupika." Nikageuza uso ukutani. Nilikuwa na nguvu za kufanya hivyo tu.

Semeni mnavyotaka, nitawaambia nilivyouona wivu. Niliuonea wivu mguu wake, mwembamba, mfupa wa kifundo unaonekana. Niliionea wivu sauti yake jikoni mwangu, akifungua makabati yangu, akiuliza sufuria kubwa iko wapi. Alipokunywa maji, bilauri nzima, glu glu glu, akafuta mdomo kwa mkono, nilitamani kumpiga. Mimi nilikuwa napimiwa kwa kikombe cha kahawa. Na nitasema hata hili, maana wenzangu wa mashine watanielewa. Nilimwonea wivu akienda chooni. Mwili wangu ulikuwa umesahau kazi hiyo kabisa, na yeye anaingia, nasikia mkojo wake unavyolia kwenye choo, kisha anatoka anaimba. Subhanallah, anaimba!

Nilipokuwa katika hali hiyo ndipo Ayeyo alipopiga simu kutoka Hulugho. Mtandao wa kule mnaujua, na mvua ikinyesha ndiyo hasara kabisa. Sauti inakuja vipande vipande.

"Fadumo! Bole, bole mwanangu. Daktari amesema nini?"

Hapo lazima niwaeleze neno moja la Kisomali. Chumvi kwetu ni usbo. Ile chumvi, hasa hiyo unayoijua, ni usbada. Na yule mpya, mwanamke, ni usubta, na kitenzi cha Kisomali hapo hakitofautishi mtu na kitu. Mkiyaweka maneno hayo mawili kwenye simu ya Hulugho siku ya mvua, mtu mwenye masikio ya miaka sabini hawezi kuyatenganisha.

"Amesema usbada iondoke," nikapaza sauti.

"Nini?"

"Usbada! Ndiyo inayoniua, Ayeyo. Ikikaa nyumba hii nitakufa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo haitakiwi."

Kisha nikasikia, "Wallahi, nilimwambia mwanangu." Simu ikakatika. Nikajiuliza Ayeyo alimwambia nini mwanawe kuhusu chumvi, nikaacha.

Siku mbili baadaye Baba Ikra akanipigia kutoka barabarani. Sauti imekauka. "Mama amenipigia. Amesema daktari ameona kwamba ugonjwa wako umetokana na wivu. Ule wivu wa wake wenza umekula figo. Amesema Medina aachwe. Ni kweli daktari amesema hivyo?"

Hapo ndipo nikaelewa. Nikaona kosa lote mbele yangu, wazi kama limeandikwa ubaoni. Na mimi, mwalimu Fadumo, niliyesahihisha bensili kwa miaka kumi na minane, nikafungua mdomo nikasema, "Daktari amesema niache kinachonidhuru."

Haikuwa uongo. Ndiyo ubaya wake.

"Basi," akasema Baba Ikra. "Kama daktari amesema na mama amesema, mimi nitabishana na nani? Mama anataka aje mwenyewe, jambo limalizike mbele yake. Barabara ikikauka tu anakuja. Usimwambie Medina kitu."

Nikakata simu. Jikoni Medina alikuwa anakatakata vitunguu na kuimba nyimbo zake za Kihabeshi, na kwa mara ya kwanza kuimba kwake hakukunikera. Nikajisemea, imba wee, barabara ikikauka utaimbia Moyale.

Sasa nifike kwenye chakula. Wiki zile za kwanza kila kitu nilichopewa kilikuwa kama karatasi iliyolowa. Wali mtupu, kabeji ya kuchemsha. Medina alikuwa akipika mchuzi wake mwekundu kwa ajili ya wageni wanaokuja kunijulia hali, harufu inaingia hadi chumbani kwangu, na mimi najilamba midomo iliyopasuka. Nilikuwa nimekwishaamua kwamba anafanya makusudi.

Alhamisi moja alinisindikiza kliniki ya lishe. Mimi nimeinamisha kichwa, nimechoka, yeye ndiye anauliza. Kiswahili chake kinapinda lakini hakiogopi. "Dada, nyama ya ng'ombe anaweza kula?" Dada wa lishe akamwambia naweza, tena mtu wa mashine anahitaji nyama, ila kipande cha ukubwa wa kiganja chake, na chumvi asiione. "Viazi?" Vikatwe vidogo, vilowekwe, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. "Nyanya?" Bora aziache. "Zile pilipili za unga za kununua?" Nyingi zina chumvi ndani. "Kitunguu?" Kitunguu sawa. Medina akatikisa kichwa kama mtu anayepewa ramani. Akasema, "Kitunguu sawa, basi yote sawa."

Siku hiyo alinipikia alicha. Ni mchuzi wa ng'ombe wa kwao usio na pilipili nyekundu. Nilimtazama kutoka kwenye mkeka, maana nilitaka kumkamata akitia chumvi. Alikata vitunguu vitatu vidogo vidogo kabisa, akavitia kwenye sufuria kavu, bila mafuta wala maji, moto mdogo, akakaa kwenye kigoda anakoroga. Anakoroga tu. Nikasema moyoni huyu amerukwa na akili, vitaungua. Havikuungua. Vilitoa maji yao, vikalegea, vikawa kama uji mtamu, na hapo karibu saa nzima imepita. Ndipo akatia kijiko cha samli aliyoiyeyusha mwenyewe, haina chumvi, kisha kitunguu saumu, tangawizi, manjano na iliki iliyopondwa. Halafu nyama, vipande vidogo vya kuhesabika. Maji kidogo sana. Mwisho, viazi vyake vilivyokwisha kumwagwa maji mara mbili, na limau.

Nilitia tonge mdomoni nikitafuta kosa. Jamani. Nilikuwa sijaonja kitu kwa miezi miwili. Ulimi uliamka. Machozi yalinitoka nikasema ni tangawizi.

Na msidhani moyo ulilainika. Wivu uliongezeka maradufu. Sasa nilijua kilichomfanya mume wangu akae kwenye ile hoteli ya Dadaab. Miaka ishirini nimempikia yule mwanamume, na hakuna siku niliyokaa saa nzima na kitunguu.

"Umetia chumvi," nikamwambia.

"Sijatia, abaayo." Abaayo ni dada, ndivyo wanawake wa hapa wanavyoitana. Yeye alikuwa ananiita hivyo tangu siku ya kwanza, nami simwiti kitu.

"Umetia. Chakula hakiwezi kuwa na ladha hii."

Akaendelea kuosha sufuria. Lakini mashine ina mizani, na mizani haina mitala. Chumvi huita maji, na maji hukaa mwilini yakaongeza uzito. Kabla ya hapo nilikuwa nafika na kilo nne za maji juu ya uzito wangu, wananivuta mpaka misuli ya miguu inajikunja kwa maumivu. Jumatatu ile nilikuja na kilo mbili. Alhamisi, mbili tena. Nesi wetu, msichana mchangamfu kutoka Machakos, akapiga makofi. "Mwalimu! Nani anakupikia siku hizi?"

Medina alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika mkoba wangu na viatu vyangu.

"Najipikia mwenyewe," nikasema.

Sikugeuka kumtazama. Nilisikia tu akihamisha mkoba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Gu ikapita hivyo. Mimi nikila alicha yake, nikipungua uvimbe, nikivaa tena viatu vyangu vya shule, na kila anayetoka upande wa Hulugho namuuliza barabara ikoje. Wananiambia bado matope, malori yamekwama. Kuna siku Medina alinikata kucha za miguu, kwa kuwa kuinama bado kulinishinda, na mimi nikahesabu kimoyomoyo siku zilizobaki. Nilikuwa nakula kwa mkono wa mtu na kungoja afukuzwe. Niliswali swala zangu zote tano na nikaenda kulala nikiwa na jambo hilo kifuani.

Hagaa, kile kipupwe chetu kikavu, ilipoingia na upepo wake wa vumbi, Ayeyo akafika. Mrefu, mkavu, fimbo mkononi, akamkumbatia mwanawe, akanishika uso kwa mikono miwili. "Mashallah, umerudi kuwa mtu." Medina akamsalimia, Ayeyo akamjibu kwa kumpa fimbo amshikie.

Tukakaa mkekani, Ayeyo, Baba Ikra na mimi. Medina akaleta maji ya kunawa, kisha akaleta sinia. Hakupika vyakula viwili siku hiyo, alipika alicha moja kwa wote, ili nisijione peke yangu. Alisimama mlangoni na lile bakuli la kunawia, anangoja kuona mgeni atasemaje. Baba Ikra alikuwa hajainua macho tangu aingie. Nilijua mama yake akishamaliza kula, maneno yatatoka.

Ayeyo akatia tonge mdomoni. Akatafuna. Akasita. Akatazama sinia, akatutazama sisi, akasema kwa sauti yake ya kuita ng'ombe:

"Usbada wapi? Nani ameondoa usbada?"

Wallahi, sijui niwaelezeje. Lilikuwa neno lile lile, sauti ile ile ya kwenye simu, ila sasa hakuna mvua wala mtandao. Ulimi wangu wa ualimu ukanikimbia kabla sijaufunga.

"Daktari ndiye aliyeiondoa, Ayeyo. Nilikwambia kwenye simu. Usbada. Chumvi. Nilisema chumvi ndiyo inayoniua. Wewe ulisikia usubta."

Ayeyo akageuza kichwa polepole akamtazama Medina mlangoni, kisha mimi. Baba Ikra sasa aliinua macho.

"Ulijua lini kwamba mama amekosea kusikia?"

"Siku uliyonipigia."

"Na ukaniambia uache... ukaniambia kinachokudhuru..."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa namwacha mke leo, Fadumo. Leo, baada ya chakula hiki."

Medina alikuwa amekaa Dadaab miaka mingi. Kisomali anakielewa vizuri kuliko tulivyofikiri. Maji ya bakuli yalimmwagikia miguuni. Akasema kwa Kiswahili chake, akinitazama mimi tu, "Mimi niachwe kwa chumvi? Mimi? Chumvi hata siweki!"

Ayeyo akacheka. Sijui kama alitaka, ila kilimtoka kicheko kikavu, mara akajifunika mdomo kwa mtandio na mabega yakamtikisika, nikaona kwamba sasa analia. Medina hakucheka. Aliweka bakuli chini, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Siku tatu hakutoka ila kwa swala. Baba Ikra hakuniambia neno, akaenda kulala kwenye lori lake. Ayeyo alisema moja tu kabla ya kurudi Hulugho: "Mimi ni kiziwi. Wewe ulikuwa na masikio." Alipofika mlango wa Medina akagonga, akaita, "Medina." Ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akilitaja.

Siku ya tatu nilijipikia. Nilikuwa nimemtazama mara nyingi, nikasema nitaweza. Vitunguu vitatu, sufuria kavu, moto mdogo. Baada ya muda mfupi nikachoka kukoroga, nikaongeza moto. Moshi ukajaa nyumba nzima. Nimesimama pale nakohoa, kijiko mkononi, mlango wa Medina ukafunguka. Akaja akalizima jiko, akatazama ule weusi chini ya sufuria.

"Kitunguu hakitaki haraka, abaayo."

"Nisamehe," nikamwambia. Nililisema kwa sauti ndogo, nikalirudia kwa sauti kubwa.

Akachukua vitunguu vingine akaanza kuvimenya. Hakusema amenisamehe na sikumlazimisha. Alisema, "Jumatatu naenda na wewe. Yule nesi atauliza tena. Utasema."

Kwa hiyo alikuwa amelisikia neno langu siku ile, na alikuwa amelibeba pamoja na mkoba na viatu vyangu, wiki baada ya wiki, na bado akinikorogea kitunguu saa nzima.

Nitakuwa mkweli mpaka mwisho, kwa kuwa nimewaahidi hivyo. Wivu haujaisha. Deyr, vuli yetu, imekuja na mvua zake, Baba Ikra amerudi kuzungumza nami, Medina anakaa kwetu siku za mashine na siku nyingine yuko hotelini kwake, na bado akinywa maji bilauri nzima natazama pembeni. Ila nimejua kuula mchuzi wake bila kutafuta kosa ndani yake.

Jumatatu ile tulikwenda. Benchi limejaa, watu wananijua wote. Nikapanda kwenye mizani. Kilo moja na nusu. Nesi wa Machakos akacheka, "Mwalimu, wewe utafungua hoteli! Hebu tuambie, unapikaje?"

Medina alikuwa nyuma yangu na viatu vyangu mkononi. Nikageuka nikamshika mkono, nikamvuta mbele ya benchi zima.

"Sipiki mimi. Nilidanganya. Huyu ndiye anayenipikia, tangu siku ya kwanza. Anaitwa Medina. Ni mwenzangu."

Nesi akamtazama Medina, akanitazama mimi, akatabasamu. "Mwalimu, umebarikiwa. Si kila mtu ana rafiki wa namna hii."

Sikumsahihisha.